Dola mia mbili kwa sababu ya mto

Jumapili usiku, chai imepoa, watoto wamelala, mimi niko jikoni na simu. Kibali cha kuwinda kulungu kwa bunduki, jimbo la Wisconsin, Marekani. Mkazi: dola 24. Asiye mkazi: dola 200. Nikapandisha ukurasa, nikashusha, nikafuta kioo cha simu na shati. Mia mbili. Mwaka jana nililipa kidogo kwa sababu mtu wa mara ya kwanza anapewa punguzo, na mimi nikadhani ndiyo bei. Kumbe nilikuwa naonjeshwa.

Naishi Minnesota, jimbo la jirani. Toka mlangoni kwangu hadi daraja la mto St. Croix ni dakika thelathini na tano kama hakuna theluji, na ng'ambo ndiyo Wisconsin. Miti ni ile ile, baridi ni ile ile. Kwa dola mia mbili kwetu Kenya, pale soko la mifugo Voi, natoka na mbuzi wawili wa maana, mkaa, na kijana wa kuchuna. Na hao nawaona kwa macho, nawashika mbavu. Huyu kulungu ninayemlipia yuko wapi? Hata yeye hajui.

Hela iliniuma, lakini neno lile liliniuma zaidi. Asiye mkazi. Nilikutana nalo kwenye ada ya chuo, nikakutana nalo kwenye kila fomu, miaka na miaka. Halafu nikaapa kiapo cha uraia, nikapeperusha kile kibendera kidogo wanachokupa, nikasema sasa basi. Leo jimbo la jirani linaniandikia tena kwamba mimi mgeni. Kilichonipoza ni mwenzangu wa zamu pale nyumba ya wazee tunakofanya kazi, mzungu aliyezaliwa Minneapolis na babu yake vilevile. Naye anatozwa mia mbili zile zile. Kwa mara ya kwanza tumekuwa wageni pamoja, na nilifurahi kuliko inavyostahili.

Nikambana: msitu wenyewe si wa serikali kuu? Chequamegon-Nicolet, ekari zaidi ya milioni moja na nusu, kodi yangu imo. Bei ya kila pakiti ya risasi ina ushuru wa asilimia 11 ndani yake, sheria ya 1937, na hela hizo hurudi kwa majimbo kutunza wanyama. Sasa nalipia nini tena? Akatafuna sandwichi yake taratibu, akasema: "Ardhi ni ya Washington. Kulungu ni wa Madison." Madison ndiko makao makuu ya jimbo la Wisconsin. Kutembea humo msituni ni bure. Mnyama anayekatiza mbele yako ana mwenyewe, na mwenyewe ni jimbo.

Nikataka kubisha, nikakumbuka geti la Voi. Hifadhi ya wanyama ya Tsavo Mashariki. Sisi tulikuwa tunaingia kwa shilingi, wazungu wanaingia kwa dola, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaonea huruma. Tuliona ni haki kabisa. Nikanyamaza, nikamwomba chumvi.

Mtaniuliza kwa nini nisiwinde kwetu Minnesota kwa dola 34. Zamu, ndugu zangu. Msimu wetu wa bunduki unaanza mapema Novemba, na wakati huo msimamizi wangu hatoi ruhusa hata ukileta cheti cha kifo. Wiki niliyopewa ni ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani mwishoni mwa Novemba, na Wisconsin wanafungua siku tisa kuanzia Jumamosi inayoitangulia. Kalenda ndiyo imenivusha mto. Tena nisilie sana, maana wa Wisconsin akija kwetu tunamtoza 185. Na jimbo la Iowa, kusini yetu, ndiyo usiseme: wanatoa vibali kama 6,000 kwa watu wa majimbo mengine wote, wewe unanunua pointi za kukuongezea nafasi mwaka baada ya mwaka, ukingoja kura ikuangukie.

Kabla hamjanirekebisha: nawaita kulungu kwa kukosa neno. Kulungu wa kwetu Kenya ana pembe za kusokota, na akizipata anazo hadi kufa. Huyu wa hapa ana pembe za matawi zinazodondoka kila kipupwe, akishtuka anainua mkia mweupe kama mtu anayekupungia leso ya kwaheri.

Mipango inaanza Agosti, kwenye simu. Programu ya ramani inakuonyesha mpaka wa kila kipande cha ardhi: huu msitu wa taifa, huu wa kaunti, hapa ni shamba la mtu na usikanyage. Natafuta mahali mbali na barabara, penye kinamasi upande mmoja na mwinuko mdogo upande mwingine, maana mnyama naye ni mvivu, hupita penye njia. Kisha natazama upepo. Kulungu hata ukijipaka matope atakunusa, kwa hiyo nachagua miti miwili, mmoja wa upepo wa kaskazini magharibi, mwingine wa upepo wa kusini. Oktoba naenda mara moja kuangalia kama kuna miti iliyochubuliwa kwa pembe na ardhi iliyoparuliwa. Upande wa Clam Lake kuna jambo jingine: wapo elki, jamaa za kulungu hawa, waliorudishwa huko mwaka 1995, wakubwa kama ng'ombe. Alfajiri, mkono ukitetemeka, unaweza kumpiga huyo ukajitafutia kesi. Mimi nisipoona mkia mweupe sipigi.

Mwaka jana niliegemea mti wangu tangu giza. Nyuzi kumi chini ya sifuri. Nimevaa kama mtu wa bodaboda, maana sheria inataka nusu ya nguo zako za juu ya kiuno iwe rangi ya machungwa au ya waridi inayong'aa, na kofia pia ukiivaa. Kindi mmoja alinitia wazimu saa nzima, anatembea juu ya majani makavu kwa kishindo cha ndovu. Alipotulia ndipo nilipomwona dume, kimya kabisa, amesimama kati ya misonobari kama aliyekuwepo siku zote. Mvuke wa pumzi yake nauona. Risasi moja. Alikimbia hatua arobaini hivi, akalala.

Shida ikaanza hapo. Kilomita mbili hadi gari, mimi peke yangu na kamba. Nilivuta, nikapumzika, nikavuta, jasho limeloa ndani ya makoti matatu. Akatokea mzee wa kizungu, ndevu hadi kifuani, anaburuta kijisledi cha plastiki cha watoto cha kutelezea theluji. Kusema ukweli moyo ulipiga. Mtu mweusi, bunduki, msituni, hakuna shahidi. Ninyi wenyewe mnasikia habari za huku. Akasimama. Akaniuliza unatoka wapi. Nikasema Minnesota, nikajiandaa kwa lile swali la pili tunalolijua sote, la "hapana, asili yako". Halikuja. Alinitazama kwa masikitiko ya kweli, akasema, "Aa. Pole sana." Kisha akaweka sledi chini, akashika miguu ya nyuma. Nilimpa noti ya ishirini tulipofika, akakataa, akakubali chapati mbili zilizobaki.

Nilichinjia ng'ambo kule kule, juu ya mlango wa nyuma wa gari. Minnesota hairuhusu uingize mzoga mzima kutoka jimbo lolote, kwa sababu ya ugonjwa unaokula ubongo wa kulungu, ambao Wisconsin iliugundua kwake mwaka 2002. Unavuka na mapaja na nyama, si kichwa chenye ubongo wala uti wa mgongo. Kichwa unakiacha kwenye kituo cha kupimia, ni bure. Na umsajili kwenye simu kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata. Wenzangu wanalipa bucha kukatiwa; mimi kwa Mtaita mwenye kisu, kulipa bucha ni aibu.

Mnaojiandaa kuja, na mnaopenda picha za kujishaua na bunduki ya rafiki: kama uko kwa viza ya shule au ya kazi, sheria ya serikali kuu inakukataza kushika bunduki hata risasi, isipokuwa katika mambo machache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Fanya kwanza mafunzo ya usalama. Wisconsin inamdai cheti kila aliyezaliwa kuanzia 1973, na nilichochukulia Minnesota kinakubalika. Na nyama hiyo usiuze hata kilo. Gawa, pika, tuma kwa mchungaji, lakini usiuze. Ukivuka mpaka na nyama ya magendo kuna sheria ya tangu 1900 inayoifanya kesi ya serikali kuu, na wakili wa kesi hiyo hakai Voi.

Babu yangu alifungwa kwa digidigi. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku 1977, yeye akaendelea kutega kama baba yake alivyotega, askari wa wanyama wakamkuta na mguu mmoja umebaki kwenye sufuria. Ndovu walipokula mahindi yetu yote miaka ya baadaye, hakuja askari. Mama alikulia katika nyumba ambamo kitoweo hakitajwi kwa sauti.

Kibali nimelipia, Jumanne, nikiwa nimefumba jicho moja. Mwaka jana nilimtumia Mama picha ya nyama nilivyoipanga. Akanipigia saa hiyo hiyo, kule ni usiku wa manane.

"Mwanangu, hiyo nyama umeificha wapi?"

Nikamwambia sijaificha, Mama, iko kwenye friza. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama friza ina kufuli.