Kibao cha shingoni

Jumapili tulipanda Kibosho, Kilimanjaro, kwa mama. Tumemkuta jikoni anamenya ndizi mshare za mtori, kajipaka mafuta mikononi ule utomvu usigande, akamsalimia binti yangu kwa Kichaga "Shimbonyi" na mtoto akanigeukia mimi kama vile bibi yake kaongea Kichina. Ana miaka tisa huyo. Mama akacheka, akasema "kwa hiyo mnalipa ada ili asinielewe", akaendelea kumenya. Mi nikatoka nje nikajifanya naangalia mfongo, ule mfereji wa maji.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wiki nzima nilikuwa nasoma habari za mama mmoja wa Australia, Yalmay Yunupiŋu, Mwaborijini wa jamii ya Wayolngu, kijiji cha Yirrkala huko Arnhem Land kaskazini kabisa. Kafundisha watoto wa kwao miaka kama 40 hivi mpaka akastaafu 2023, na 2024 Australia ikamchagua kuwa mzee bora wa mwaka. Na kafundisha kwa Kiyolngu jamani, mtoto anajua kwanza kusoma na kuandika kwa lugha ya nyumbani, ndo Kiingereza kije juu yake. Marehemu mumewe, mwimbaji wa bendi ya muziki ya Yothu Yindi, naye alikuwa mwalimu, 1990 akawa mwalimu mkuu pale pale Yirrkala. Wana neno lao, ganma, pale maji ya chumvi yanapokutana na maji baridi, yanachanganyika ila hakuna yanayomeza mengine.

Msidhani waliachiwa kirahisi. Shule za lugha mbili kule Northern Territory, jimbo lao, zilianza 1973, halafu 2008 serikali ya jimbo ikaja na amri eti masaa manne ya kwanza kila siku ya shule yawe Kiingereza, sasa niambie hapo kinabaki nini, mtoto ana njaa na usingizi. Mama wa watu akabaki darasani miaka mingine kumi na tano.

Sisi shule ya msingi ukiongea Kichaga unavalishwa kibao shingoni, unatembea nacho mpaka umkamate mwenzako. Shuleni kwa binti yangu hapa mjini kibao bado kipo, ila saivi anavalishwa anayeongea Kiswahili. Nalipia, kwa awamu.

Jana usiku kaniuliza, "baba, bibi akisema vile najibuje?" Nikaanza kumfundisha kwa mbwembwe, salamu ya pili tu nikakwama, ikabidi nimpigie mama saa nne usiku, akapokea anahema akidhani kuna msiba.