Siku moja na picha 1,964 za sendofu

Saa kumi na moja alfajiri. Nimelala saa saba usiku baada ya sendofu kule Kisasa, lakini kadi ya kamera ikiwa na picha ambazo sijazinakili usingizi hauji. Mwezi wa sita hapa Nkuhungu, Dodoma, alfajiri unakaa mbele ya kompyuta na blanketi mabegani. Nachomeka kadi, nanakili kwenye kompyuta, nanakili tena kwenye diski ya nje, kisha nafungua picha chache za kila upande kuhakikisha zinafunguka. Kabla ya hapo kadi haifutwi, hata mteja mwingine awe amesimama mlangoni. Nilishawahi kufuta mapema, ilikuwa ubatizo. Tuyaache hayo.

Folda naipa jina kwa kuanza na mwaka, halafu mwezi, halafu siku: 2025-06-14, sendofu, Kisasa. Ukianza na siku, kompyuta inakurundikia tarehe 14 za miezi yote sehemu moja. Ukianza na mwaka zinajipanga zenyewe.

Saa kumi na mbili na nusu. Nazipanga kwa muda zilipopigwa, naona bibi harusi anakata keki kabla hajaingia ukumbini. Tulikuwa na kamera mbili. Yangu imesetiwa saa sahihi. Ya kijana ninayemfundisha, yeye jana saa kumi jioni aliandika 10:00 badala ya 16:00. Aliiambia kamera saa kama tunavyozisema! Kwa hiyo keki iliyokatwa saa tatu usiku kamera imeiandika 15:00, saa tisa mchana, wakati hata mpambaji alikuwa bado anafunga vitambaa. Nikachagua picha za kamera yake zote, nikaongeza saa sita kwa mkupuo, sherehe ikarudi kwenye mstari. Sikumpigia kumgombeza. Nitamgombeza kesho.

Saa mbili hadi saa nne kasoro: kuchambua. Waliofumba macho nje, waliotafuna nje, zilizotikisika nje, zikabaki 430.

Kisha rangi. Wapambaji wetu wanapenda taa za bluu na zambarau, na kamera haina huruma: uso wa mtu unatoka rangi ya bilinganya. Natafuta kitu ninachojua ni cheupe, aghalabu kitambaa cha meza, naiambia programu “hiki ni cheupe”, ngozi zinarudi zilivyo. Zilivyo, narudia. Nikiombwa “nifanye mweupe kidogo” huwa najifanya nimesikia vibaya. Na zile za nje, zilizopigwa jioni juu ya kilima, zina doa moja angani, mahali palepale picha hadi picha. Ni vumbi la Dodoma limekaa kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachonasa picha. Unalifuta kwenye picha moja, unabandika marekebisho hayo kwenye nyingine zote, halafu unazipitia, maana kuna moja litaangukia jicho la mtu.

Nikiwa hapo, “Hodi!”

Shangazi wa bibi harusi, katokea kanisani, kitenge na kilemba. Amekuja “mara moja tu”. Nikampa kiti, akakisogeza hadi begani kwangu.

“Fungua ile ya ukoo, mwanangu.”

Watu 23 mbele ya jukwaa. Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya mzee mmoja wa suti ya kahawia, mstari wa pili.

“Huyu mtoe.”

“Kumtoa kabisa, mama?”

“Aliahidi laki tatu kwenye kamati. Hakutoa hata mia. Nyama alikula.”

Nilijaribu kumweleza kwamba mtu si doa la vumbi. Mzee amesimama mbele ya pazia lenye mikunjo, na mkono wake uko begani kwa mama mwenye kitenge cha maua. Ukimfuta, mkono unabaki unaelea. Ukifuta na mkono, lazima utengeneze bega, na ua la kitenge liendelee pale linapopaswa kuendelea. “Si unabofya tu?” akasema, akamenya chungwa.

Bahati ni kwamba picha ya pamoja huwa naipiga mara tano. Katika ya tatu mzee alikuwa ameinama kufunga kiatu, bega la mama likaonekana lote. Nikalikata bega hilo, nikalileta, likakataa kukaa kwa sababu mama naye alikuwa ameshageuka kidogo. Nikalizungusha, nikalififisha kingo. Pazia nikaliziba mkunjo kwa mkunjo. Shangazi kila dakika: “Mbona hapo kama kuna kivuli?” Na kweli kipo, ana jicho yule shangazi. Saa saba hivi, chai yangu ya asubuhi bado iko mezani imeganda utando, umeme ukakatika. Betri ya akiba niliyonayo imechoka, haikuvuta hata dakika moja. Sikuwa nimehifadhi tangu bega.

Tukakaa kimya, mimi na yeye. Akanipa pande la chungwa.

Umeme ulirudi, sijui saa ngapi, nikaanza upya. Safari hii mkono ulishajua njia. Aliondoka jua limeshalala, kafurahi, akataka nimtumie WhatsApp. Nikamtumia kama dokumenti. Ukiituma kama picha inabanwa, halafu anaichapisha kubwa ya ukutani inatoka ukungu, analaumiwa mpiga picha.

Nimekula. Nafikiri wali.

Usiku, nimebakiza picha mia na ushee, simu ikaita.

“Mwanangu, yule mzee kaja hapa kwa mama mkubwa. Kaleta zote laki tatu, na mbuzi juu. Mrudishe.”

Picha halisi siigusi kamwe, marekebisho yote nayaweka kwenye tabaka lake, kama karatasi angavu iliyolazwa juu ya picha. Nikalizima lile tabaka, mzee akarudi na suti yake, mkono begani. Nikamtumia hapohapo.

“Ehe! Kumbe ni kubofya tu,” akasema. “Sasa msogeze karibu na bibi harusi.”