Visu vya Kukunja na Milango ya Nairobi

Kisu cha kwanza nilichokithamini kilichukuliwa mlangoni mwa jumba moja la maduka hapa Nairobi mwaka 2014, na hadi leo sijakiona tena. Kilikuwa kisu kidogo cha kukunja chenye bapa mbili na mpini wa pembe ya kawaida, si ya ndovu, ambacho marehemu baba alichongea penseli miaka yote aliyokuwa karani, na upande mmoja wa mpini alikuwa amekwaruza herufi mbili za mwanzo za majina yake. Kifaa cha ukaguzi kililia, nikakitoa mfukoni, mlinzi akaniambia nikiache mezani nikipitie wakati wa kutoka. Nilipotoka baada ya saa moja zamu ilikuwa imebadilika, na aliyekuwa mlangoni akasema hana habari ya kisu chochote. Nilirudi pale siku tatu mfululizo nikiuliza, kisha nikakata tamaa.

Kwa yeyote apendaye visu vya namna hii, ugumu wa jiji letu uko hapo. Kuvipata si kazi. Kazi ni kutembea navyo. Tangu shambulio la kigaidi katika jumba la maduka la Westgate la Septemba 2013, ni nadra kuingia benki, ofisi au jumba la maduka bila kupapaswa au kupitishwa kwenye mashine, na walinzi wana kila sababu ya kuwa makini. Imenichukua takriban miaka kumi kupata namna ya kuendelea kukusanya visu hivi na kubeba kimoja kila siku bila kumtisha mtu na bila kupoteza kingine, na sasa ninavyo 26.

Ninaposema kisu cha jadi cha kukunja nina maana ya kile kisicho na kufuli. Ubapa huzunguka kwenye pini moja, na mgongoni mwa mpini mna springi bapa inayokandamiza shina la ubapa, yaani sehemu yake ya chini iliyo karibu na pini, ukabaki wazi au ukabaki umefungwa kwa nguvu ya springi hiyo peke yake. Ukiufungua kwa ukucha husikia mlio mfupi mkavu unapofika mwisho, na mlio huo humweleza mnunuzi mengi kuliko maneno ya muuzaji: ukiwa mzito na safi, springi ni nzima, ukikosekana, au ubapa ukiyumba kushoto na kulia, pini imelika. Kisu chenye bapa ndogo kama cha baba asili yake ni kuchonga kalamu za manyoya ya ndege, enzi ambazo makarani waliandika kwa hizo, na ndiyo maana karani wa Nairobi aliyetumia penseli alikiona kuwa chombo cha kazi yake kama rula na wino.

Mwanzoni nilinunua kila kilichokunjika. Nilipoteza fedha nyingi kwa visu vipya vya kuigiza, vyenye mng'aro wa kupendeza na chuma laini kisichoshika makali hata wiki moja. Jambo lililoniokoa ni kujifunza kusoma mihuri iliyo kwenye shina la ubapa. Viwanda vya zamani viliweka humo historia yao yote. Kampuni ya Case ya Marekani, kwa mfano, mwaka 1970 ilianza kuweka nukta 10 chini ya jina lake na kupunguza moja kila mwaka, kwa hiyo kisu chao chenye nukta 4 kilitengenezwa mwaka 1976. Mtu akishajua hayo, hadanganyiki kwa urahisi na hadithi za sokoni.

Kisu ninachokipenda kuliko vyote nilikipata katika soko la Gikomba hapa Nairobi, Jumamosi moja ya mwaka 2016, katika rundo la vitasa vibovu, vijiko na minyororo ya baiskeli lililotandazwa juu ya gunia. Kilikuwa kipande cha chuma kilichoganda kutu, na muuzaji mwenyewe alidhani ni bawaba. "Chukua kwa mia moja hamsini, mzee, lakini hicho hakifunguki," akaniambia. Nilikipeleka nyumbani nikakizamisha katika chupa ya jemu iliyojaa mafuta ya taa. Kila jioni nilikitoa, nikakifuta kwa kitambaa, nikajaribu kukifungua kwa kucha na kijiti cha mti laini, nikakirudisha. Mtu asitumie plaisi hapa hata akiishiwa na subira, kwa sababu meno yake huacha makovu yasiyofutika, na ubapa uliolika kwa kutu unaweza kukatikia kwenye pini. Siku ya saba ubapa ulisogea upana wa uzi, ukatoa uji mwekundu kama udongo wa Kiambu. Nikatia matone mawili ya mafuta ya cherehani, nikaufungua na kuufunga pole pole labda mara mia moja, hadi uji ule ukatoka mweupe.

Kutu ya nje niliiondoa kwa msasa laini sana uliolowanishwa mafuta, nikikwepa shina kabisa, kwa kuwa muhuri ukifutwa kisu hupoteza nasaba yake. Ndipo nikaziona alama mbili ndogo, nyota na msalaba wa Malta. Hizo ni alama za kiwanda cha visu cha Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield, Uingereza. Juu yake palikuwa na taji katikati ya herufi G na R, alama ya mfalme aitwaye George, na kwa kisu kilichofika Kenya hiyo huelekeza zaidi kwenye enzi za George wa Tano na wa Sita, yaani kati ya mwaka 1910 na 1952. Nilikaa nacho mkononi usiku ule nikiwaza ni nani alikileta, na ni mifuko mingapi kilipitia kabla ya kutupwa kwenye gunia la bawaba.

Kibao kimoja cha mpini kilikuwa kimevunjika, na vibao vyenyewe vilikuwa vya mfupa. Kibera wako mafundi wanaochonga mapambo kutokana na mifupa ya ng'ombe inayotoka vichinjioni, nami nikampelekea mmoja wao kibao kizima ili akifuatishe. Alichemsha mfupa kuondoa mafuta, akaukata, akausugua, kisha akaupaka chai ya rangi mara kadhaa mpaka ukafanana na mwenzake wa zamani. Alinitoza shilingi 600, na ningemlipa mara mbili.

Fundi huyo ndiye aliyenifundisha pia kutofautisha mfupa na pembe ya ndovu, ujuzi ambao kwa mkusanyaji wa Kenya ni wa lazima. Visu vingi vizuri vya Sheffield vya zamani vilitiwa vipini vya pembe ya ndovu, na mara mbili nimeletewa kimoja nikinong'onezewa bei. Mfupa ukiutazama kwa kioo cha kukuzia utaona vitundu na vistari vidogo vyeusi, mahali mishipa ya damu ilipopita. Pembe ya ndovu haina vitundu hivyo, na kwenye sehemu iliyokatwa kwa upana huonyesha mistari inayopishana kama wavu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwa na nyara bila kibali, lakini hata isingekuwapo nisingekinunua. Aprili 2016 Kenya iliteketeza tani 105 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Nairobi, na sioni vipi mkazi wa jiji hili aweke hata gramu 20 za kitu hicho kwenye droo yake na kuuita mkusanyo.

Kosa lililonigharimu zaidi lilihusu kunoa. Nilimpa kisu kimoja kizuri fundi wa mtaani anayenoa kwa jiwe linalozungushwa kwa pedali za baiskeli. Cheche ziliruka, na nilipokipokea ncha ya ubapa ilikuwa na rangi ya samawati. Rangi hiyo ina maana kwamba joto limeondoa ugumu wa chuma, na tangu siku hiyo sehemu ile haijashika makali. Kwa panga na visu vinene vya jikoni mafundi hao wananifaa sana, lakini ubapa mwembamba hautaki mashine kavu. Sasa nanoa mwenyewe kwa kinoo cha maji, bila haraka, kwa pembe ndogo, nikimalizia kwa kuusugua ubapa nyuma ya mkanda wa ngozi.

Kisu changu cha Opinel namba 8 cha Ufaransa nacho kilinifunza lake. Mpini wake ni wa mti, na mvua za masika zikikaza ule mti huvimba na kuubana ubapa usifunguke. Wenyeji wa Savoie, kilikoanzia mwaka 1890, hugonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu, ubapa ukachomoza wa kutosha kushikwa. Nafanya vivyo hivyo kwenye ukingo wa ngazi. Chuma chake cha kaboni hubadilika rangi kwa tindikali ya matunda. Nimemenyea maembe misimu kadhaa, na ubapa uliokuwa mweupe sasa ni wa kijivu chenye mawimbi ya zambarau, rangi ambayo hupunguza kasi ya kutu. Ila namba 8 hiyo, pamoja na pete yake ya kufungia, hukaa nyumbani. Hukaa nyumbani pia Okapi yangu yenye mwezi na nyota za shaba mpinini, aina iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika na ambayo siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. Ni ndefu na hulia meno yake ya kufuli inapofunguliwa, na mlio huo ndani ya matatu ungewafanya abiria washuke.

Siku za kazi hubeba kimojawapo cha viwili: kile cha Rodgers, au kidogo chekundu cha Victorinox cha milimita 58 chenye mkasi, ambacho walinzi wengi wanakijua na hawana wasiwasi nacho. Hukaa katika kifuko cha ngozi pamoja na funguo, wala si kwenye mfuko wa suruali peke yake. Nikifika mlangoni sisubiri mashine ilie. Hukitoa kikiwa kimefungwa, nikasema, "Habari ya kazi, ndugu yangu, nina kisu cha kumenyea matunda, tafadhali nihifadhie," kisha naomba kiandikwe kwenye daftari pamoja na jina langu, na naliangalia jina la mlinzi kifuani. Maneno hayo machache yametosha kila mara isipokuwa mara mbili, ambapo niliombwa nisiingie nacho kabisa nami nikageuza bila kubishana.

Kuna siku ambazo sikibebi: nikienda mahakamani, uwanjani kwenye mechi, siku za mikutano ya siasa au maandamano mjini, na nikipanda treni ya Mombasa pale Syokimau, ambako mizigo hunuswa na mbwa na kupitishwa kwenye mashine. Kanuni ya Adhabu inamhesabu kuwa na hatia mtu anayetembea hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu, na ingawa kisu cha sentimita 5 ni chombo cha kazi, namna ya kukishika ndiyo inayowafanya watu wakione hivyo au vinginevyo. Kwa hiyo nikikitumia mbele za watu hukifungua kwa mikono miwili, chini, polepole, na ninayemwazima humpa kikiwa kimefungwa. Mama mkwe, ambaye kwa miaka alisema visu vyangu ni vya majambazi, sasa ndiye anayeniomba nimkatie nyuzi za magunia anapotoka shambani.

Bado nakitafuta kisu cha baba. Kitu kidogo kama kile hakipotei duniani. Huhama tu kutoka mfuko hadi mfuko, na mwishowe huweza kufika Gikomba au soko la Toi kama vingine vilivyofika. Kila Jumamosi nikiona mpini wa pembe katika rundo, kabla ya kuuliza bei nakigeuza upande wa pili na kupitisha kidole gumba, nikipapasa kama kuna herufi mbili zilizokwaruzwa.