Hesabu ya vitofali vya uwanja wetu, Jinja

Kabla ya kumwita fundi wa kutandaza vitofali, nilipima uwanja ulio nyuma ya nyumba yetu hapa Jinja: mita 6 kwa 4, yaani mita za mraba 24. Vitofali vya zege vya sentimita 20 kwa 10 huingia 50 katika kila mita ya mraba, kwa hiyo vilihitajika 1,200, nami nikaongeza asilimia 10 kwa ajili ya vitakavyokatwa au kuvunjika, vikawa 1,320.

Hata hivyo, kazi kubwa imo chini ya vitofali. Tabaka la moramu (udongo mwekundu wenye changarawe) la sentimita 10 baada ya kushindiliwa ni mita za ujazo 2.4, lakini kwa kuwa udongo hupungua ukishindiliwa, niliagiza 3. Mchanga wa sentimita 3 ulihitaji mita za ujazo 0.72. Ukingo wa zege ulikuwa mita 14, kwani upande mmoja unaegemea ukuta.

Ninamsihi kila anayejenga asibane fedha za msingi, maana mvua zetu za Machi hadi Mei hudidimiza sakafu isiyoshindiliwa vizuri. Usafirishaji nao uulizwe bei yake peke yake, kwa kila safari ya lori.