Nilivyochora Irente kwa tyubu nne za rangi

Mara ya kwanza kuchora pale Irente, juu ya Lushoto kwenye milima ya Usambara, Tanzania, nilibeba tyubu 12 za akriliki, rangi zinazochanganywa na maji. Za kijani peke yake zilikuwa tatu. Ukisimama kwenye lile jabali unaiona Mazinde chini kabisa, mashamba ya mkonge yamejipanga mistari, halafu tambarare inakwenda mpaka inapotelea kwenye ukungu. Nilipaka asubuhi nzima. Mzee mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe akasimama nyuma yangu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akatazama weee, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mbona vilima vya kule umevisogeza huku?"

Kweli tupu. Kijani cha migomba ya karibu nilikuwa nimekipaka hadi kwenye vilima vya mbali, na bluu niliyoitoa kwenye tyubu bila kuichanganya na chochote ilikuwa imerukia mbele. Kila rangi ilipendeza yenyewe, lakini hazikuwa na undugu.

Safari iliyofuata nikajaribu rangi nne anazohusishwa nazo Anders Zorn, mchoraji wa Sweden (1860–1920): nyeupe, nyeusi, nyekundu na njano ya udongo. Bluu haimo. Nilidhani mbingu itanishinda, kumbe nyeusi ikichanganywa na nyeupe nyingi, kisha ikapakwa kando ya njano ya udongo, jicho lenyewe linaiona bluu. Tambarare ya kiangazi, yenye vumbi na majani makavu, ilitoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Migomba ndiyo iliyonishinda. Nyeusi na njano hutoa kijani cha zeituni, na mgomba wa Usambara ulionyeshewa mvua jana yake haukubali kabisa kuwa zeituni.

Nikabadilisha, na mpaka leo sijarudi nyuma: nyeupe, njano ya limau, bluu ya ultramarini, na sienna iliyochomwa, yaani ile kahawia nyekundu inayotokana na udongo uliookwa motoni. Ultramarini tunaijua tangu utotoni. Ni jamii moja na bluu waliyotia mama zetu kwenye maji ya mwisho ya kufulia mashati ya shule. Na hiyo sienna ndiyo udongo wa njia za Lushoto, huhitaji hata kuichanganya na kitu.

Siku hizi naanza kwa kupaka ubao mzima sienna nyepesi, naiacha ikauke. Kisha nafumba macho nusu, natafuta sehemu tatu tu: penye giza, pa wastani, penye mwanga. Giza la chini ya miti nalipata kwa ultramarini na sienna, inakaribia weusi lakini ina uhai. Hiyohiyo nikiiongeza nyeupe inakuwa kijivu, na kijivu hicho ndicho kilichoniokoa. Kila vilima vinavyozidi kwenda mbali nakiongeza kidogo kwenye kijani, pamoja na nyeupe na chembe ya bluu, mpaka vya mwisho kabisa vinabaki na tofauti ndogo tu na mbingu. Njano ya limau naihifadhi kwa migomba ya mbele. Hapo hapo natia sienna kiasi cha ncha ya brashi, vinginevyo jani linang'aa kama plastiki.

Kilichonisumbua zaidi ni upepo. Akriliki inakauka upesi juu kule, na ikikauka inakoza kidogo, kwa hiyo ukiishiwa kijivu chako katikati ya kilima, kukipata tena kilekile ni kazi kubwa. Sasa nachanganya kingi tangu mwanzo, nakiweka kwenye kontena la chakula lenye kitambaa kibichi chini na karatasi ya kuokea juu yake. Nikifunika, nakikuta hata kesho yake.

Bado kuna jambo moja rangi hizi hazinipi. Nyumbani Arusha, mijakaranda ikichanua Oktoba na Novemba, sienna na ultramarini hazitoi ile zambarau hata uchanganye vipi, zinatoa kijivu chenye majonzi. Miezi hiyo naongeza tyubu ya tano, nyekundu ya waridi, na vilima vya mbali navyo naviwekea tone lake.