Tulivyowaokoa wanamieleka wetu kabla seva za WWE 2K22 hazijazimwa

Asalaam alaykum wapenzi wa mieleka. Watu wengi wananiuliza, wa hapa mjini Unguja na wa Pemba, vipi banda letu la gemu bado lina Bray Wyatt, lina CM Punk, lina Popobawa, yule jini wa mbawa wa hadithi za kwetu, na wanamieleka kibao wa kutengeneza kwenye WWE 2K22 wakati seva za gemu ile, yani kompyuta za kampuni zinazoiunga mtandaoni, zilishazimwa tarehe 3 Januari 2024. Wengine wanadhani kuna wizi umepita. Hakuna wizi, ni kazi tu tuliifanya mapema, na naieleza yote kwa sababu hili jambo litarudi kwa kila gemu ya namna hii.

Kwa asiyejua, gemu ilitoka Machi 2022, ile yenye picha ya Rey Mysterio juu. Mna sehemu ya kumtengeneza mtu wako kuanzia nywele mpaka viatu, af unampandisha kwenye Community Creations na mtu yeyote duniani anamchukua, na 2K22 wa PlayStation, wa Xbox na wa kompyuta wote walikuwa wanachota kisima kimoja. Yani ulikuwa unapata kila mtu. Wanamieleka waliotiwa na wenye gemu wenyewe waliishia Julai 2022, kile kifurushi cha mwisho cha Rob Van Dam na Logan Paul, baada ya hapo kilichobaki kuiweka hai gemu ni sisi watu wenyewe. CM Punk hakuwemo, Bray Wyatt hakuwemo. Na Bray alipofariki Agosti 2023, miaka 36 tu maskini, siku ile bandani hakuna aliyetaka kucheza na mwengine, kila anaeshika pedi anamtaka yeye, taa zizimwe, aingie na taa yake mkononi. Tulimpata kwa sababu kuna mtu huko asiyetujua alikaa akamtengeneza mpaka michoro ya mikononi.

Sasa habari ya kuzimwa seva ilipofika mtaani kila mtu aliipokea kivyake. Wakubwa waliokulia PS2 walisema wao haiwahusu, wana Here Comes the Pain ya 2003 na mpaka leo ukiitia inawaka bila ya kumuuliza mtu, na kwa hilo nawapa haki yao kabisa. Walioumia ni vijana wa MyFaction, wale wa kukusanya kadi, maana ile sehemu bila seva haifunguki hata ucheze peke yako. Mdogo wangu alikuwa na kadi zake kazipanga vizuri, nilimwambia sheikh hizo hatuna namna ya kuziokoa, nguvu tuzitie kwenye kinachookoleka. Alinuna kidogo halafu akakubali, na yeye ndie aliefanya kazi kubwa kuliko sote.

Na hapa ndo penye siri yenyewe, tuligawa vitu kwa kuangalia kila kimoja kinakaa wapi. Apdeti za gemu na wanamieleka ulioshawanunua wanatoka kwenye duka la PlayStation, hao hawakuwa wanaondoka siku ile. Sevu yako ya Universe na MyGM, zile sehemu za kuendesha ligi yako mwenyewe, imo ndani ya mashine, haiondoki. Kinachoondoka ni kila kilichopo kwa seva ya gemu, yani wanamieleka wa watu, ulingo wa watu, mikanda ya watu na picha unazopandisha wewe kwa ajili ya nguo. Lakini ukishamshusha mtu kwako ni wako, anakaa kwenye sevu. Kwa hivo vita vyetu vilikuwa ni kushusha tu, mengine yangesubiri.

Tukaweka daftari bandani, kila mteja aandike anaemtaka. Wallahi lile daftari natamani mngeliona, mzee mmoja muuza samaki ambae hata pedi hashiki, yeye hukaa kutazama tu, aliandika majina ya watu wa zamani tupu na pembeni kaandika mkanda wa rangi gani. Nikawapanga kwa mafungu, kwanza wasiopatikana popote, halafu wa kwetu tuliowatengeneza, mwisho wale wa anasa kama nguo za ziada za Undertaker.

Kikwazo kilikuja kwamba mashine ya pili ya banda ilikuwa haijawahi kupata apdeti tangu CD inunuliwe, na bila apdeti ya mwisho haikuruhusu kuingia mtandaoni. Ile ni GB nyingi, kwa bando la simu utalia. Nikaifunga PS4 kwenye taulo, nikapanda gari ya 116 mpaka Nungwi kwa ami yangu anaefanya kazi hotelini, akaniombea ruhusa kwa bosi wake nikaunga kwenye waifai ya wafanyakazi, nikaiacha ikishusha usiku kucha. Desemba hoteli zimejaa wageni, waifai inakwenda kwa kuchechemea, lakini asubuhi ilikuwa ishamaliza, ami kanipa na chai na mkate wa ajemi nikarudi mjini.

Kushusha wanamieleka wenyewe hakuli bando sana, kinachokula ni muda. Tulikuwa tunasubiri usiku, bando la usiku rahisi na mtandao mtupu, naunga hotspoti ya simu na simu yenyewe naitundika dirishani maana ndani ya banda mtandao hausomi. Na kila ukimshusha mtu usiridhike na kuona jina lake limeingia. Mwingize ulingoni, mtazame mbele na nyuma. Kuna wengine wanakuja nguo haina nembo, mgongo mtupu, kwa sababu picha zake hazikuteremka pamoja nae, huyo mfute umshushe tena hapo hapo wakati seva ipo, ukisema ntamrekebisha kesho kesho yenyewe haipo. Mdogo wangu alikuwa anawakagua mmoja mmoja, mpaka kucha anazitazama.

Na wa kwetu je? Hawa ndo waliokuwa roho ya banda. Tunae kijana wa Makunduchi, huyu kwa heshima ya Mwaka Kogwa, ile sikukuu ya kwao ya kupigana kwa migomba, kila pambano anaingia na fimbo ya kendo maana mgomba kwenye gemu haumo. Tunae Mpemba wa mchezo wa ng'ombe, shuka begani, anamaliza watu kwa kuwapiga kumbo. Na tunae Popobawa. Waliokuwepo 1995 wanalijua hilo jina, watu walilala nje kwenye majamvi kwa khofu, bibi yangu mpaka leo ukilitaja anasoma dua. Mdogo wangu alizichora mbawa zake kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya daftari la skuli, akazipiga picha kwa simu, tukazipandisha kwenye tovuti ya gemu ile ya kutilia picha, zikaja ndani ya gemu tukazipachika mgongoni kwenye koti jeusi. Ukiitazama kwa karibu unaiona mistari ya daftari ndani ya bawa la kushoto, kaukataa kabisa ushauri wa kuifuta, anasema ndo ngozi yake. Mimi naiona ni kazi nzuri kuliko nyingi za wazungu.

Sasa picha kama hizo njia yake ilikuwa ni seva tu, baada ya tarehe 3 huwezi tena kutia picha mpya. Kwa hivo siku za mwisho tulifanya kazi moja ambayo naona wengi hawakuifikiria, tukapandisha nembo za akiba. Bendera ya Zanzibar, nakshi za milango, pindo za kanga mbili tatu, herufi za majina ya mitaa, hata mbawa nyengine tupu. Hatukuwa na mtu wa kuwavisha wakati ule ila tulijua tutamtengeneza baadae, na kweli nusu ya wanamieleka wetu wapya wamevaa zile nembo za akiba.

Umeme ndo ulikuwa wa kuuogopa. Ukikatika wakati gemu inasevu unaweza kukosa kila kitu, basi tuliazima UPS, ile betri ya akiba, kwa jirani mwenye duka la kutoa kopi, yeye akifunga jioni tunaichukua, asubuhi tunamrudishia, Mungu ambariki. Na kila tukimaliza fungu moja naingia kwenye mipangilio ya PS4, kule kwenye data zilizosevuliwa, nakopi kwenye flashi. Flashi iwe imefomatiwa FAT32 au exFAT, nyengine PS4 haiioni. Nikaweka mbili, moja bandani moja nyumbani kabatini kwa mama.

Jambo la kujua hapa, sevu ya PS4 imefungwa na akaunti. Huwezi kumpa mtu flashi akaenda akafungua kwa jina lake, itamkatalia. Binamu yangu wa Wete ana banda na alizitaka sana, kwa hivo niliposafiri na boti kwenda kumuona niliingia kwa akaunti yangu kwenye PS4 yake kwa hotspoti, nikamwaga sevu kutoka kwenye flashi, na wateja wake sasa wanacheza kwa kuchagua jina langu pale mwanzo. CD yenyewe anayo na apdeti kaiweka, hivyo ikafunguka bila taabu.

Na wale wanaotaka mtu mmoja mmoja kwenye akaunti zao wenyewe tuliwapigia picha kila ukurasa wa kutengenezea. Ngozi namba ngapi, pua imevutwa wapi, nguo ipi, mapigo gani. Inachosha, lakini mshkaji wa Jang'ombe kamjenga kijana wa Makunduchi kwa picha tu na ukiwaweka pamoja huwajui. Popobawa tu ndo hakukamilika kwake, mbawa hana pa kuzipata, akabuni kwa maumbo yaliyomo ndani ya gemu, pembetatu juu ya pembetatu. Mdogo wangu alipoletewa picha alicheka kwa furaha, akasema huyo ni ndugu yake Popobawa, na sasa wawili hao wanagombea mkanda wa timu kwetu.

Wenye 2K24 na 2K25, yakhe, seva zikiwa bado zinawaka shusheni mnaowapenda, pandisheni na nembo za akiba, kopini kwenye flashi kila mkiongeza mtu. Sisi 2K24 tushaianza, daftari liko pale pale bandani na mzee wa samaki keshaandika majina yake ukurasa mzima.