Mioyo ya Kijani kwenye Tofali

"Mama, mbona hili halitoi ua?" Mwanangu alikuwa amechutama mbele ya makangaga, amegeuza jani na kuona vidoa vya vumbi la kahawia vilivyojipanga mgongoni. Akadhani jani linaumwa. Nami nilidhani hivyo hivyo nilipokuwa na umri wake.

Bibi alikuwa na pembe moja nyuma ya tangi la maji isiyopata jua. Kila alichopanda pale kilisinyaa, mpaka jirani akamgawia kipande cha kangaga la kienyeji. Kwenda kung'oa msituni alikataa katakata. Akaniachia mimi nilipande. Nikalizika, udongo ukafunika hata pale majani yanapochomozea, nikawa nalimwagilia asubuhi na jioni. Likaoza. Nililia sana. Bibi hakunigombeza, aliendelea tu kutandaza majani makavu pale pale, yaoze yawe mboji.

Miezi ikapita. Siku hiyo nilikuwa nasugua tofali za chini ya tangi, natoa utelezi wa kijani.

"Ngoja!" Akanidaka mkono, brashi ikiwa hewani. Akaniinamisha hadi pua ikakaribia kugusa tofali lililolowa. Haukuwa utelezi mtupu. Kwenye ufa vilijipanga vijani bapa, kimoja hakifiki ukubwa wa ukucha wangu wa kidole cha mwisho, vyembamba hata mwanga unapenya, na kila kimoja kina umbo la moyo. Kwenye kibonyeo cha moyo mmoja kilikuwa kimesimama kichipukizi kimejikunja kama mkia wa kinyonga. Tone la maji lilining'inia hapo, nikaogopa hata kupumua.

"Lile vumbi la mgongoni mwa jani," Bibi alinong'ona, "ndilo hili."

Baadaye sana ndipo nikajifunza kwamba vumbi hilo huitwa spora, kwamba moyo ule huzaa mbegu za kiume zinazoogelea kwenye utando mwembamba wa maji kulifuata yai, na kwamba pakikauka hakuna kangaga linalozaliwa. Ila spora zile zilitoka kwenye lile nililoliozesha, au upepo ulizileta kutoka kwa jirani? Mpaka leo najiuliza.

Jana usiku tulilaza jani moja juu ya karatasi nyeupe. Asubuhi tumekuta mistari ya vumbi la kahawia imechora jani zima. Mwanangu amefunga dirisha, lisije likapeperuka.